Mwamuzi Akikosea, Nani Amwondoe?

Kwa wapenzi wa kriketi, jina la Bwana Steve Bucknor wa Jamaika ni jina la ubishi. Ukilitaja mbele ya mzee wa Kihindi anayeufuata mchezo huo, atatikisa kichwa na kukuhesabia kwa vidole makosa ambayo bwana huyo alimfanyia Sachin Tendulkar. Ukilitaja mbele ya mtu wa Jamaika, atakuambia kwa fahari kwamba ndiye mwamuzi wa kwanza duniani kusimamia mechi mia za Test, yaani zile mechi za siku tano baina ya mataifa. Wote wawili wasema kweli. Mimi nataka kueleza katika kurasa hizi kwa nini nadhani Bwana Bucknor alikosea vibaya mjini Sydney katika Januari 2008, na kwa nini hata hivyo nadhani wale waliomwondoa katika mechi iliyofuata walifanya kosa kubwa kuliko lake. Nina sababu ya kuichagua habari hii katika muhula huu, nayo nitaitaja mbele kidogo.

Najua kwamba wengi hapa shuleni hawachezi kriketi, na wazazi wengine huuona kuwa ni mchezo wa kusimama juani kutwa pasipo mtu kufunga bao. Kwa hiyo yafaa nieleze kazi ya mwamuzi kabla ya kumhukumu.

Mtupaji hutupa mpira mgumu wa ngozi kutoka mwisho mmoja wa njia yenye urefu wa yadi 22, yaani mita 20 na kitu. Mwisho wa pili husimama mpigaji na kibao chake, na nyuma yake viko vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Mwamuzi husimama nyuma ya wiketi ya upande wa mtupaji. Mtupaji wa kasi aweza kuutupa mpira kwa mwendo wa kilometa 140 kwa saa, na anayependa hesabu ataona mara moja kwamba mpira humfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Katika nusu sekunde hiyo mwamuzi wa zamani za Bwana Bucknor alipaswa kuutazama mguu wa mtupaji kama haukuvuka mstari, kisha ainue macho aone mpira umedunda wapi, umegusa kibao kwanza au mguu kwanza, na kama mguu usingekuwapo mpira ungeigonga wiketi au ungeipita. Tena asikie. Mpira ukigusa ukingo wa kibao hutoa sauti ndogo kama ya njiti ya kiberiti inayovunjika. Kibao kikigonga kinga ya mguu, sauti yake haiko mbali na hiyo. Na hayo yote hutokea katikati ya maelfu ya watu wanaopiga kelele.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba mwamuzi wa kriketi hatoi hukumu ya kumtoa mpigaji mpaka aulizwe. Upande wa watupaji lazima upaze sauti na kuuliza, nao huuliza kwelikweli! Wachezaji kumi na mmoja humgeukia mtu mmoja aliyevaa kofia, wakainua mikono kama waliokwisha kuhakikisha, na mara nyingi baadhi yao hawana hakika hata kidogo. Akiwa na shaka, desturi ni kwamba mpigaji hupewa faida ya shaka hiyo. Akiwa hana shaka, huinua kidole kimoja, na mpigaji huondoka.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Bwana Bucknor alizaliwa Montego Bay katika mwaka 1946. Kabla ya kujulikana duniani alikuwa mwalimu wa hesabu, jambo ambalo mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, silitaji bure. Alikuwa pia refa wa mpira wa miguu mwenye cheo cha FIFA, na katika mwaka 1988 alisimamia mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia baina ya El Salvador na Netherlands Antilles. Mechi yake ya kwanza ya Test ilikuwa ya West Indies na India, mjini Kingston, katika mwaka 1989. Baada ya miaka mitatu tu, Machi 1992, alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa Melbourne mbele ya watu zaidi ya 87,000, akiamua fainali ya Kombe la Dunia baina ya Pakistan na Uingereza.

Siku ile alijulikana kwa namna yake ya kuamua. Alipoulizwa hakujibu upesi. Alisimama kimya, uso hauonyeshi kitu, muda ukapita hata watazamaji wakadhani amelala, kisha kichwa kikainama kidogo na kidole kikapanda polepole. Wengine walichukizwa na kuchelewa huko. Mimi nauona kuwa ni utaratibu wa mtu anayerudia hesabu yake kabla ya kuandika jibu. Mapema katika fainali hiyo Derek Pringle wa Uingereza aliomba mara mbili kwamba Javed Miandad atolewe kwa kuzuia mpira kwa mguu mbele ya wiketi. Bwana Bucknor akakataa mara zote mbili. Javed akaendelea mpaka mikimbio 58, na Pakistan wakashinda kwa mikimbio 22. Waingereza wengine wangali wakilalamika.

Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, alipata lawama ya pili, nayo nadhani ilikuwa ya haki. Afrika Kusini na India walikuwa wakicheza mfululizo wa kwanza wa Test ambamo mwamuzi wa tatu aliwekwa mbele ya televisheni, ili wenzake wa uwanjani wakiona shaka juu ya mtu aliyekimbia wamwulize. Mjini Johannesburg, Jonty Rhodes alikimbia, wiketi yake ikavunjwa, nao India wakaomba. Bwana Bucknor akasema hakutoka, wala hakuuliza. Picha zilionyesha kwamba alikuwa ametoka. Rhodes alikuwa na mikimbio 28, akafika 91. Mtu amewekewa taa karibu naye, na bado atembea gizani kwa kuwa aliijua njia zamani! Lakini yafaa kukumbuka kwamba jambo lile lilikuwa jipya kabisa, na waamuzi wa kizazi chake walifundishwa kwamba kuuliza ni kukiri udhaifu. Leo mwamuzi huuliza hata pale anapojua jibu.

Sitasimulia kazi yake yote. Alisimamia fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo, za 1992, 1996, 1999, 2003 na 2007. Watu wa Nairobi nao walimwona: katika Oktoba 2000 yeye na David Shepherd wa Uingereza ndio waliosimama kwenye uwanja wa Gymkhana katika fainali ya mashindano ya mtoano, New Zealand walipowashinda India zikiwa zimebaki tupa mbili tu, baada ya Chris Cairns kupiga mikimbio 102 pasipo kutolewa. Kwa jumla alisimamia mechi 128 za Test. Nimefanya hesabu ya kubahatisha. Siku moja ya Test ina ova 90, na ova moja ni tupa sita. Siku tano zikitimia ni tupa 2,700, na nusu yake hutupwa kutoka upande wa mwamuzi mmoja. Zidisha kwa 128 utapata 172,800. Tupunguze siku za mvua na mechi zilizokwisha mapema, na bado yabaki zaidi ya laki moja. Kila moja ilimtaka atazame mguu, ainue macho, na asikilize. Zile ambazo watu huzikumbuka hazijazi daftari ya kurasa kumi.

Habari mbili za gizani zapasa kuwekwa pamoja, maana zaonyesha jinsi sifa na lawama zinavyogawanywa. Mjini Karachi katika Desemba 2000, Uingereza walitaka mikimbio 176 ili washinde, na jua lilikuwa likitua. Pakistan, ambao hawakuwa wamepata kushindwa mechi ya Test katika uwanja ule wa Taifa, wakaanza kuchelewesha ova zao kusudi giza liwaokoe. Nahodha wao, Moin Khan, akalalamika kwamba haonekani mpira. Bwana Bucknor akakataa kusimamisha mchezo. Aliona wazi kwamba waliochelewesha ndio waliokuwa wakililia giza. Uingereza wakashinda karibu usiku, naye akasifiwa kwa ujasiri. Kisha Bridgetown, Aprili 2007, fainali ya Kombe la Dunia baina ya Australia na Sri Lanka. Mvua ilikuwa imepunguza mchezo, na giza lilipoingia, wapigaji wa Sri Lanka wakakubali kuondoka. Australia wakaanza kukumbatiana kwa furaha. Waamuzi wakawaita warudi, wakisema kwamba ova tatu zilizosalia lazima zitupwe, ama jioni ile ama kesho yake. Ikabidi watu wacheze gizani mchezo ambao kwa kanuni ulikuwa umekwisha, maana ova za kutosha zilikuwa zimetupwa. Waamuzi wanne wa fainali ile, pamoja na msimamizi wao, Jeff Crowe, wote walikuwa watu wa miaka mingi kazini, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka kanuni. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likawazuia wote watano wasishiriki mashindano makubwa yaliyofuata mwaka ule Afrika Kusini.

Adhabu ile ya 2007 naiunga mkono. Baraza lilichunguza, likaona kosa la wazi la kutojua kanuni, likawaadhibu wote kwa usawa, wala hakuna nchi iliyokuwa imesimama mlangoni na kutishia. Shikeni mfano huo, kwa maana nitaurudia.

Sasa Sydney. Australia na India walianza mechi yao tarehe 2 Januari 2008. Waamuzi walikuwa Bwana Bucknor na Mark Benson wa Uingereza. Australia walikuwa wameshinda Test kumi na tano mfululizo na walitaka ya kumi na sita. Siku ya kwanza wakaanguka hata wakawa na mikimbio 134 kwa wiketi sita. Andrew Symonds alikuwa na mikimbio 30 pale Ishant Sharma, kijana mrefu wa miaka kumi na tisa, alipomtupia mpira ulioguswa na ukingo wa kibao na kudakwa na mlinda wiketi. Sauti ilisikika hata kwa waliokaa nyumbani na kutazama televisheni. Bwana Bucknor akatikisa kichwa: hakutoka. Symonds akabaki. Akaendelea mpaka mikimbio 162 pasipo kutolewa, na Australia wakafika 463. Jioni ile Symonds mwenyewe, ambaye alifariki kwa ajali ya gari katika mwaka 2022, hakuficha kwamba alikuwa ameugusa mpira.

India hawakulala. V. V. S. Laxman akapiga 109, Tendulkar 154, wakapata 532. Lakini siku ya tano walikuwa wakipigania sare, na Rahul Dravid, mtu mgumu kumtoa kuliko wote, alikuwa amesimama na mikimbio 38. Symonds akamtupia mpira. Dravid akakificha kibao nyuma ya kinga ya mguu, mpira ukagonga kinga, Adam Gilchrist akaudaka na wote wakaomba. Safari hii kidole kilipanda. Kibao hakikuwa karibu na mpira. India wakaendelea kuanguka, na dakika chache kabla ya mchezo kwisha Michael Clarke akachukua wiketi tatu katika tupa tano. Australia wakashinda kwa mikimbio 122.

Nitasema jambo moja juu ya Gilchrist. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 2003 dhidi ya Sri Lanka, mwamuzi alisema hakutoka, naye Gilchrist akaondoka mwenyewe kwa kuwa alijua ameugusa mpira. Watu walimstaajabia, na ni haki yao. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyedaka mpira wa Dravid na kuomba. Sisemi kwamba alidanganya, kwani huenda alisikia alichosikia Bwana Bucknor. Nasema tu kwamba kama mtu mwaminifu aliyesimama nyuma ya mpigaji aliweza kuamini kwamba mpira uligusa kibao, si ajabu mtu mwingine aliyesimama upande wa pili wa njia akiamini hivyo.

Baadhi ya makosa mengine ya mechi ile hayakuwa yake, lakini mzigo ulimwangukia yeye. Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Harbhajan Singh wa India alishtakiwa kwamba alimtukana Symonds kwa ajili ya rangi yake, akahukumiwa kukosa Test tatu. India wakakata rufani. Chama cha kriketi cha India, ambacho kwa fedha hakina mwenzake duniani, kikasimamisha safari mpaka rufani isikilizwe, na timu ikabaki Sydney. Tena kikadai Bwana Bucknor asiisimamie mechi ya Perth aliyokuwa amekwisha kupangiwa. Tarehe 8 Januari ICC ikamwondoa, ikamweka Billy Bowden wa New Zealand mahali pake. Malcolm Speed, aliyekuwa mtendaji mkuu wa baraza, alieleza kwamba shabaha ilikuwa kupunguza joto la ugomvi.

Hapo ndipo ninapopingana nao. Fikiri kesi ya shamba. Hakimu amekosea, na mdai ameonewa. Iko njia ya kukata rufani, na wako wakubwa wa hakimu wanaoweza kumchunguza, kumpumzisha, hata kumfukuza. Lakini mdai akisema, "Nitafunga njia ya kijiji mpaka hakimu huyu aondoke," na wakubwa wakamwondoa juma lile lile, yule hakimu mpya ataingia barazani akiwa amekwisha kufundishwa ni nani asiyepaswa kuudhiwa. Simtuhumu Bwana Bowden kwa upendeleo wo wote. India walishinda Perth kwa mikimbio 72 kwa kucheza vizuri zaidi, wakaukata ule mfululizo wa Australia. Nasema juu ya mlango uliofunguliwa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika Agosti 2006, London, Darrell Hair wa Australia na mwenzake Billy Doctrove walitoa hukumu kwamba Pakistan waliuharibu mpira makusudi. Pakistan wakakataa kurudi uwanjani, wakahesabiwa wameshindwa, na miezi michache baadaye Hair akaondolewa katika mechi za mataifa makubwa. Ndivyo mazoea yanavyoanza.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia, amesoma maneno haya kabla hayajapelekwa kwa mhariri, naye ameniambia kwamba naandika kama mtu asiyekuwa na timu. Yeye ahesabu hivi: 1992 Johannesburg, Rhodes, 2003 Brisbane, Tendulkar alitolewa bila mkimbio hata mmoja kwa mpira ambao picha zilionyesha ungepita juu ya wiketi, 2005 Kolkata, Tendulkar tena, alitolewa kwa mpira ambao haukugusa kibao, 2008 Sydney, mara mbili. Watu wavumilie mpaka lini? Ni swali zuri, na sitalijibu kwa kusema ati kukosa ni kwa binadamu. Mchezaji hufanya kazi maisha yake yote ili apate saa mbili za kusimama pale, na kosa la mwamuzi lamnyang'anya saa zile wala hazirudi. Dravid hakurudishiwa mikimbio yake.

Jibu langu ni kwamba malalamiko ya India yalikuwa ya haki na yalipaswa kusikilizwa, lakini mapema na mahali pengine. Bwana Bucknor alikuwa na umri wa miaka 61. Baraza lilikuwa na picha za mechi zake zote na ripoti za manahodha. Kama macho na masikio yake yalikuwa yamepungua, wao ndio waliopaswa kumwita faraghani kabla ya msimu, wamwambie, "Mwalimu, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika." Hawakufanya. Walimwacha asimame katika mfululizo mkali kuliko yote, kisha walipoogopa fedha za India kupotea wakamtoa kafara mbele ya dunia nzima. Nadhani waliomwajiri walikuwa wazembe kwanza, halafu waoga.

Na kuna jambo la kuchekesha katika habari hii. Mwaka ule ule wa 2008 ulianza kujaribiwa utaratibu wa kumruhusu nahodha kuomba hukumu itazamwe tena kwa mashine, na mfululizo wa kwanza wa jaribio ulikuwa wa India huko Sri Lanka. Ungedhani India, walioonewa Sydney, wangeukumbatia. La! Manahodha wao hawakufaulu sana kuutumia, chama chao hakikuiamini mashine, na kwa miaka mingi kilikataa utaratibu huo kamili katika mifululizo yake na nchi nyingine, mpaka Novemba 2016 ulipokubaliwa katika mechi na Uingereza. Binadamu mmoja aliyekosea aliondolewa kwa siku mbili, na dawa ya makosa yake ikangoja miaka minane.

Bwana Bucknor alirudi kazini, akaendelea mpaka Machi 2009, alipostaafu kwa hiari yake baada ya Test ya Afrika Kusini na Australia mjini Cape Town na mechi moja ya siku moja Bridgetown. Idadi yake ya Test ilikuja kupitwa na Aleem Dar wa Pakistan katika Desemba 2019. Katika mwaka 2020 alisema hadharani kwamba alifanya makosa mawili Sydney, kwamba huenda yaliwagharimu India mechi, na kwamba miaka yote ile yamekuwa yakimsumbua. Nimewasikia watu wakilitumia neno lake hilo kuthibitisha kwamba ilikuwa haki kumwondoa. Mimi naona lathibitisha kwamba hakuwa na nia mbaya, na hiyo ndiyo tofauti ambayo washabiki hawataki kuitazama. Mwamuzi mwenye upendeleo afukuzwe siku ile ile, nami nitashika mlango. Mwamuzi aliyekosea ni jambo lingine.

Sasa sababu yangu. Muhula huu viongozi wa mabweni wameleta barua mbele ya kamati ya michezo, wakitaka kwamba bweni likilalamika juu ya refa, refa huyo asipangiwe tena mechi ya bweni hilo. Barua yenyewe imeandikwa kwa adabu, na baadhi ya walioitia sahihi ni vijana ninaowaheshimu. Wote mwajua ilitokana na penalti ya dakika za mwisho. Sitahukumu penalti ile hapa. Nataka tu mfanye hesabu. Tuna mabweni sita. Refa asiyeudhi bweni hata moja hajazaliwa, maana kila mechi ina mmoja anayeshindwa. Kanuni hiyo ikipita, mwisho wa mwaka hatutakuwa na refa wa kumpanga po pote, au tutakuwa naye mmoja aliyejifunza kutopuliza filimbi karibu na goli la bweni lenye sauti kubwa. Kijana aliyeitoa penalti ile amekwisha kurudisha filimbi, ingawa hakuna aliyemfukuza. Alizomewa katika chumba cha kulia siku nne, na sisi wakubwa tukasema ni utani.

Nimependekeza njia nyingine mbele ya kamati. Lalamiko liandikwe na nahodha mmoja, si bweni zima, tena baada ya kulala usiku mmoja. Lisomwe na walimu wawili ambao mabweni yao hayakucheza, na refa asikilizwe kwanza. Akionekana hajui kanuni, afundishwe upya au apumzishwe katika mechi zote, za mabweni yote, kama walivyofanyiwa wale watano wa Bridgetown. Na wazazi wanaokuja kutazama siku ya michezo nawaomba, kwa heshima, wasimfuate refa baada ya mechi. Mwaka jana mzazi mmoja alimfuata mtoto wa watu mpaka kwenye bomba la maji.

Kamati itakutana juma la pili la muhula ujao, na barua za pande zote mbili zitasomwa. Karatasi ya majina ya wanaotaka kujifunza urefa imebandikwa ubaoni karibu na bohari ya michezo. Mpaka naandika haya waliojiandikisha ni wanne, na mechi zilizobaki ni kumi na moja.